Kamati Isiyo na Rungu: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Kamati za Ushauri wa Mazingira za Jiji

Barua nyingi safari hii zinatoka kwa wajumbe wa kamati za ushauri wa mazingira, yaani wananchi walioteuliwa na baraza la jiji ili walishauri juu ya taka, miti, nishati na hewa. Zinazofanana tumezijibu pamoja. Zilizohusu ugomvi wa mtu na mtu tumeziacha.

Kila robo mwaka tunapeleka mapendekezo barazani. Yanasomwa, tunashukuriwa, kisha kimya. Tunakosea wapi? *(Mwenyekiti wa kamati)*

Mheshimiwa mwenyekiti, anzeni na kalenda kabla ya kuwalaumu madiwani. Kamati ya ushauri haina kasma, haitoi amri wala haisaini hundi. Wazo lake huwa kazi pale tu linapoingia katika bajeti ya idara fulani, na idara huanza kuandika makisio yao miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha. Pendekezo zuri likifika juma moja baada ya makisio kufungwa limekufa kwa mwaka mzima, na mwaka unaofuata hakuna anayelikumbuka. Mwombeni mweka hazina ratiba ya bajeti, tafuteni tarehe ya mwisho ya idara kuwasilisha makisio, kisha rudini nyuma miezi mitatu. Siku hiyo karatasi yenu iwe mezani kwa mkuu wa idara inayohusika.

Kwa mkuu wa idara kwanza, barazani baadaye. Diwani akipewa karatasi ya kamati humgeukia mtaalamu wake na kumuuliza, "Hili linawezekana?" Mtaalamu aliyeshtukizwa atasema ni gumu, na hana kosa. Aliyeshirikishwa mapema atakuwa ameshawasahihishia gharama, ameshawaambia gari lipi ni bovu, na huenda akalitetea pendekezo kama lake. Mwacheni alifanye lake.

Halafu tazameni maneno yenyewe. "Kamati inapendekeza jiji liboreshe usimamizi wa taka" ni sentensi ambayo hakuna anayeweza kuikataa, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeweza kuitekeleza. Linganisheni na hii: "Kamati inaomba baraza liidhinishe ukusanyaji wa taka zinazooza peke yake katika kaya 400 za eneo moja, kwa miezi 6 kuanzia mwanzo wa mwaka wa fedha. Msimamizi ni idara ya usafi. Linahitajika gari moja kwa siku 2 za juma. Fedha zitoke katika kasma ya usafirishaji wa taka. Jaribio litahesabiwa limefaulu iwapo takataka zisizooza ndani ya ndoo hazitazidi asilimia 10 ya uzito." Hapo pana nani, nini, wapi, lini, kwa fedha ipi, na kipimo cha kufaulu. Diwani anaweza kupiga kura ya ndiyo au hapana, na hapana yenye sababu ina faida kuliko shukrani.

Ukurasa mmoja unatosha, na ombi liwe moja. Hesabu ziwe kiambatisho. Kama wajumbe hawakukubaliana, andikeni kura zilivyogawanyika na hoja ya wachache kwa mistari mitatu. Baraza huiamini zaidi kamati inayoonyesha mgawanyiko wake kuliko ile inayodai kila jambo lilipita kwa kauli moja.

La mwisho hapa, someni hadidu zenu za rejea. Kama hazina kifungu kinacholitaka baraza kuijibu kamati kwa maandishi ndani ya muda fulani, tuseme siku 60, ombeni kiongezwe. Wajumbe wengi hupigania miradi mitano ilhali kifungu hicho kimoja kingewafaa zaidi.

Kamati iwe na wajumbe wangapi? *(Mwanasheria wa halmashauri)*

Tisa hadi kumi na watatu, idadi isiyogawanyika kwa mbili, akidi nusu jumlisha mmoja. Vipindi vya miaka miwili au mitatu vipishane, ili wasiondoke wote siku moja na kumbukumbu zao. Zaidi ya kumi na watano mtatumia mwaka mkisaka akidi. Hakikisheni yumo angalau mmoja anayejua kusoma vitabu vya hesabu za jiji. Wapenda miti hawakosekani kamwe.

Tunataka kushauri mpango wa kutenganisha taka, lakini jiji halijui taka zake zina nini. Tunaweza kupima wenyewe? *(Mjumbe anayesimamia taka)*

Mnaweza, na msishauri chochote kabla ya kupima. Kununua ndoo za rangi tatu kabla ya kujua kilichomo ndani ya mifuko ni kosa la kawaida kuliko yote katika kazi hii.

Pimeni majumbani, si dampo pekee. Utaratibu wa UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, uitwao Waste Wise Cities Tool hugawa kaya kwa kipato cha juu, cha kati na cha chini, kisha hukusanya taka za kila kaya kwa siku 8 mfululizo na kutupa matokeo ya siku ya kwanza. Siku hiyo ya kwanza hutupwa kwa sababu watu hutoa vilivyolundikana tangu zamani, na ukivihesabu utapata kilo nyingi kuliko hali halisi. Kila kundi la kipato liwe na kaya 30 au zaidi, zilizochaguliwa kwa kura. Mkichagua kaya za watu mnaofahamiana mtapata taka za watu wanaojua kwamba wanatazamwa.

Vifaa si vingi: mizani ya kuning'iniza inayosoma hadi gramu 100, turubai la mita 4 kwa 4, koleo mbili, ndoo kumi na mbili, chekecheo la matundu ya milimita 10, buti, barakoa na glovu nene zisizopitisha ncha. Kila ndoo ipimwe ikiwa tupu na uzito wake uandikwe ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Wachambuzi wawe wamechanjwa pepopunda na homa ya ini aina ya B. Mikono haichovywi ndani ya mfuko. Mfuko hupasuliwa na kumwagwa.

Mkiwa na mzigo mkubwa, uchanganyeni kwa koleo, ufanyeni lundo la duara, ukateni robo nne, chukueni robo mbili zinazotazamana, changanyeni tena. Rudieni hadi ibaki sampuli ya kilo 90 hadi 140. Chini ya hapo tairi moja au boksi moja lililolowa linapotosha asilimia zote. Kisha gaweni: taka za jikoni, za bustani, karatasi na maboksi, plastiki ngumu, mifuko laini, chuma na alumini, kioo, nguo, nepi na pedi, taka hatarishi kama betri, dawa na sindano, na "mengineyo". Vinavyopita kwenye chekecheo, yaani mchanga, majivu na makombo, vipimwe peke yake.

Kabla ya kuchambua pimeni sampuli nzima; mkimaliza jumlisheni ndoo zote. Tofauti ikizidi asilimia 5 kuna ndoo iliyosahauliwa au uzito wa ndoo tupu haukutolewa. "Mengineyo" yakizidi asilimia 10 wachambuzi wamechoka, na siku hiyo irudiwe. Mvua nayo hudanganya, kwani karatasi na nguo hunywa maji na mtaona karatasi nyingi msimu wa masika kuliko kiangazi. Kwa hiyo pimeni misimu miwili, na andikeni hali ya hewa juu ya kila fomu.

Jambo moja husahaulika. Chupa na makopo yanayofika dampo ni machache kwa sababu waokota taka wameshayachukua njiani. Mkipima dampo tu mtasema jiji halina plastiki ya kuuza. Mkipima majumbani tu mtapanga mpango utakaowanyang'anya riziki watu ambao tayari wanairejesha plastiki hiyo bila kulilipisha jiji hata senti. Pimeni sehemu zote mbili, na tofauti yake ndiyo kazi ya waokota taka kwa kilo. Iandikeni ndani ya ripoti, na waiteni kikaoni kabla ya kura.

Mpango wa ndoo mbili ulianza vizuri, sasa watu wanachanganya taka kama zamani. Tuongeze elimu? *(Afisa wa jiji)*

Kabla ya kuchapisha kipeperushi kingine, simameni njiani gari linapopita. Mara nyingi mtakuta mzigo wa ndoo zote mbili unamwagwa ndani ya gari moja. Mkazi aliyeona hivyo mara moja hatatenganisha tena, na hana sababu ya kutenganisha.

Kama gari ni sawa, tazameni mpishano wa siku. Taka za jikoni zikikaa zaidi ya siku tatu au nne kwenye joto zinatoa funza, na mwenye nyumba atazisukumia ndoo yoyote inayoondoka mapema. Taka zinazooza ziondoke mara mbili kwa juma hata kama hizo nyingine zinaondoka mara moja. Ndoo nayo isizidi lita 10 na iwe na mfuniko unaobana. Ndoo kubwa huwa nzito, hukaa muda mrefu na hualika kila kitu.

Elimu inayofaa ni ya mlangoni: mkusanyaji anafungua ndoo, akikuta mfuko wa plastiki anaiacha na kubandika karatasi yenye mchoro wa kilichokosewa. Mkazi asitozwe faini kwanza. Rudieni kwa majuma manne, mkirekodi ndoo zilizoachwa kwa kila barabara, na mtajua ni barabara zipi zina tatizo badala ya kuulaumu mtaa mzima.

Uwanja wa mboji tulioushauri sasa unanuka na majirani wanataka ufungwe. Kamati imechafuka jina. *(Katibu wa kamati)*

Harufu ina aina zake, na kila aina inataja ugonjwa wake. Harufu kali inayowasha pua ni amonia: kuna naitrojeni nyingi mno, yaani mabaki ya jikoni na majani mabichi yamezidi vitu vikavu. Harufu ya mayai yaliyooza inasema hewa haipiti na lundo limejaa maji. Tiba za hizo mbili ni tofauti, na kumwagia dawa ya manukato si mojawapo.

Lundo huanza vizuri likiwa na uwiano wa kaboni 25 hadi 30 kwa naitrojeni 1. Kwa koleo, hiyo ni takriban sehemu mbili za vitu vikavu (majani makavu, maranda, vipande vya matawi, maboksi yaliyokatwakatwa) kwa sehemu moja ya taka za jikoni, kwa ujazo si kwa uzito. Akiba ya vitu vikavu iwepo uwanjani kabla gari la kwanza la taka halijafika. Uwanja mwingi hunuka kwa kukosa hilo tu: taka za jikoni huja kila siku, matawi huja siku ya kupogoa. Ziombeni idara ya bustani na karakana za useremala mzigo wao, na wekeni kanuni kwamba gari haliteremshi kitu kama banda la vikavu ni tupu.

Unyevunyevu uwe asilimia 50 hadi 60. Kipimo cha mkono kinatosha: shika konzi, kamua kwa nguvu, yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakitiririka ni mengi, konzi ikisambaratika ni kavu. Tuta lisizidi urefu wa mita 2 kwenda juu, na upana wa chini mita 3 hadi 4. Wakilipandisha zaidi ili kuokoa nafasi, uzito hubana katikati na hewa hukosekana, na hapo mayai yanaanza kunuka.

Joto lipimwe kila siku kwa kipimajoto chenye mchi wa mita moja, katika sehemu tano za tuta. Ili kuua vimelea na mbegu za magugu, kanuni ya Marekani kwa matuta ya wazi inataka nyuzi 55 za selsiasi au zaidi kwa siku 15, na tuta ligeuzwe mara 5 ndani ya muda huo. Kugeuza kunaingiza ndani kilichokuwa nje, la sivyo ganda la juu halipikwi kamwe. Joto likivuka 70, geuzeni hata kama si siku yake, kwani vijidudu vinavyofanya kazi huanza kufa. Lisipopanda kabisa, chunguzeni maji kwanza, halafu naitrojeni, halafu ukubwa wa lundo. Lundo la chini ya mita moja ya ujazo hupoteza joto lote pembeni.

Sakafu iwe na mteremko wa asilimia 2 kuelekea kwenye shimo la kukusanyia maji machafu. Maji hayo yarudishiwe tuta changa lililo kavu, kamwe si tuta lililokwisha kupita hatua ya joto, maana mtakuwa mnarudisha vimelea juu ya mboji safi. Geuzeni asubuhi upepo ukiwa unaelekea pasipo nyumba. Bomba jepesi lenye kitambaa, bei yake si kitu, litawaonyesha upepo unakokwenda.

Kuna tatizo jingine ambalo halinuki. Dawa za kuua magugu zenye kiambata cha clopyralid au aminopyralid hupita katika joto la mboji bila kuharibika, kisha huikunja majani mimea ya jamii ya maharage na nyanya. Kabla ya kuwapa wakulima mboji yenu, pandeni maharage katika vikopo sita, vitatu vya mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, vitatu vya udongo mtupu. Baada ya majuma matatu, majani ya vile vya kwanza yakijikunja kama kikombe, mzigo huo usitoke.

Majirani wapewe namba moja ya simu, na daftari la malalamiko liwe na safu nne: saa, upepo, aina ya harufu, kilichokuwa kinafanyika uwanjani. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litawaambia zaidi ya mtaalamu wa kukodi.

Baraza limetuagiza tuhesabu gesijoto za jiji. Tuanzie wapi? *(Wajumbe wawili, barua mbalimbali)*

Ulizeni kwanza: za jiji kama eneo, au za halmashauri kama taasisi? Ni hesabu mbili. Ya eneo inahusu kila gari, jiko na kiwanda kilichomo mipakani, na kanuni yake inayotumika sana ni ile ya GPC, yaani mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesijoto za miji, iliyotolewa mwaka 2014 na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute pamoja na mitandao ya miji ya C40 na ICLEI. Ya taasisi inahusu majengo, magari, pampu za maji na taa za halmashauri yenyewe. Kamati yenye wajumbe wa kujitolea ianze na hii ya pili. Ankara ziko kabatini, na matokeo yake yanamgusa mtu anayeweza kuamua.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha: kiasi kilichotumika mara kizidishio cha uchafuzi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za kaboni dayoksaidi. Petroli kilo 2.31. Magari yaliyokunywa lita 10,000 za dizeli yametoa tani 26.8. Umeme unazidishwa kwa kizidishio cha gridi ya nchi husika, na hapo ndipo wengi huanguka: wanachukua kizidishio cha nchi nyingine kilichopatikana upesi. Gridi ya mabwawa na gridi ya makaa ya mawe haziko karibu hata kidogo, na kosa hilo peke yake laweza kugeuza majibu yote.

Taka zina hesabu yake. Zikifukiwa bila hewa hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto mara 28 hivi ya kaboni dayoksaidi kwa uzito ule ule. Taka zinazotupwa nje ya mipaka ya jiji bado ni zenu. Zihesabiwe, lakini katika fungu lake, ili jiji jirani lenye dampo likihesabu za kwake zisijumlishwe mara mbili mkoani.

Makosa mengine tuliyoyaona katika rasimu mlizotutumia: ankara za miezi 11 kuitwa mwaka, galoni kuandikwa kama lita, jenereta za hospitali za jiji kusahauliwa, na mafuta yaliyonunuliwa kuhesabiwa kuwa yametumika, wakati sehemu yake bado imo ndani ya tangi. Chagueni mwaka wa msingi usio na jambo la ajabu. Mwaka 2020, kwa mfano, haufai kwa miji mingi, kwa sababu shughuli zilisimama kwa janga na kila mwaka unaofuata utaonekana mbaya.

Andikeni asili ya kila namba pembeni yake. Kamati itabadilika, karatasi ya hesabu isiyo na maelezo haiwezi kurudiwa, na hesabu isiyorudiwa haionyeshi kama mmepungua.

Jiji linajivunia miti 20,000 iliyopandwa. Kamati isifie? *(Msomaji asiye mjumbe)*

Ulizeni ingapi iko hai baada ya miaka mitatu. Namba ya kupanda hutengenezwa kwa siku moja yenye kamera. Namba ya kuishi inahitaji maji, kasma na mtu wa zamu.

Kamati ipendekeze mkataba wa miti uwe wa miaka mitatu, na theluthi moja ya malipo ya mkandarasi izuiliwe hadi hesabu ya mwisho. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisiwe refu kuliko donge lenyewe. Mti ukizama, shina hufunikwa na udongo na kuoza taratibu, na utakufa mwaka wa tatu au wa nne wakati kila mtu ameshasahau sababu. Pale shina linapopanuka kuingia mizizini paonekane juu ya udongo. Matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Maji lita 20 mara mbili kwa juma msimu wa kiangazi wa mwaka wa kwanza ni kiwango cha kuanzia. Udongo wa kichanga utadai zaidi. Mfuko wa plastiki utolewe, na mizizi iliyozunguka ikatwe. Hili la mizizi huachwa mara nyingi, na mti hujinyonga wenyewe ukikua.

Kuhusu aina za miti, kipimo cha Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, cha mwaka 1990 bado kinasaidia: spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote ya jiji, jenasi moja asilimia 20, familia moja asilimia 30. Mdudu mmoja akiingia hatalivua jiji lote miti yake. Na tazameni mti unapandwa wapi: ramani ya joto na ramani ya vivuli zikiwekwa pamoja mara nyingi huonyesha kwamba miti mipya imeongezwa mitaa iliyokuwa na miti tayari.

Tumeshauri taa za barabarani za LED, zimefungwa, ankara haikushuka. Tulidanganywa? *(Mjumbe, idara ya nishati)*

Pengine hapana. Tazameni kama taa hizo zina mita. Mahali pengi taa za barabarani hulipiwa kwa makadirio: idadi ya taa mara wati zilizoandikwa siku zilipofungwa. Kama hakuna aliyeipelekea kampuni ya umeme orodha mpya, mnaendelea kulipia taa za zamani ambazo hazipo tena. Pelekeni orodha ya nguzo kwa nguzo na ombeni marekebisho yaanze tarehe ya kufungwa.

Hesabu ya kuwashawishi ni nyepesi. Taa ya sodiamu ya wati 150 pamoja na choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) hula wati 170 hivi. Ikiwekwa ya LED ya wati 70, tofauti ni wati 100. Kwa saa 12 za usiku, siku 365, ni kilowati-saa 438 kwa kila taa kwa mwaka. Toeni sehemu ya taa zilizokuwa hazijawaka, maana zile hazikuwa zikila kitu, na kuziwasha ni matumizi mapya. Mkazi atafurahi, ankara haitafurahi.

Katika zabuni ijayo takeni kila taa iwe na kinga ya umeme unaopanda ghafla wa kilovolti 10, kwani kinachokufa mapema ni draiva, yaani kifaa kinacholisha LED umeme, si LED zenyewe. Takeni draiva za akiba asilimia 5. Na mwanga wa kelvini 3000 au chini (kelvini zikishuka mwanga huwa wa manjano zaidi), ukielekezwa ardhini. Mwanga mweupe mkali huleta malalamiko ya usingizi ambayo yataangukia meza yenu.

Tumepewa vipima hewa vidogo kumi. Tuvitundike wapi, na matokeo tuyatangaze? *(Mwalimu, mjumbe wa kamati)*

Visitundikwe mara moja. Viwekeni vyote kumi pamoja, bega kwa bega, kwa majuma mawili, ikiwezekana kando ya kituo rasmi cha kupimia hewa. Kifaa kinachosoma tofauti na wenzake kijulikane sasa, kabla hakijauita mtaa mmoja mchafu bila kosa. Rudieni zoezi hilo kila baada ya miezi sita. Vumbi hujaa ndani na usomaji huhama.

Mkivitawanya, viwe mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, hewa ikipita huru, mbali na bomba la moshi la jiko, kiyoyozi na vumbi la mlangoni. Vifaa hivi huhesabu chembe kwa mwanga. Unyevunyevu wa hewa ukiwa mkubwa chembe huvimba kwa maji na kifaa husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo namba za alfajiri yenye ukungu zitiliwe shaka, na kifaa kiwe kinarekodi unyevunyevu pia. Siku yenye chini ya asilimia 75 ya data isihesabiwe.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kwa chembe za PM2.5, yaani zile ndogo za kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa saa 24. Msilinganishe usomaji wa dakika kumi na kiwango cha mwaka. Gazeti litafanya hivyo ninyi msipoandika wastani wa muda gani. Tangazeni, ndiyo, lakini kwa kulinganisha: barabara hii na ile, saa hii na ile, kabla na baada ya hatua fulani. Vifaa vya bei ndogo ni vizuri kwa tofauti, dhaifu kwa namba kamili.

Mjumbe mwenzetu ana kampuni ya kuuza mapipa ya taka. Ajiuzulu? *(Hakutaka kutajwa cheo)*

Si lazima. Ujuzi wake unahitajika, na kamati isiyo na mtu hata mmoja mwenye biashara itashauri bei za ndotoni. Atangaze maslahi yake kwa maandishi mwanzoni mwa kila mwaka, na tena mwanzoni mwa kikao chenye ajenda inayohusika. Ajibu maswali ya kitaalamu, kisha atoke chumbani kabla ya mjadala. Kutopiga kura huku ameketi palepale hakutoshi, kwani wenzake watapima maneno yao mbele yake. Katibu aandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Asishiriki kuandika vipimo vya zabuni hata kama hatapiga kura: pipa lenye kipenyo ambacho muuzaji mmoja tu anacho limeshinda kabla zabuni haijafunguliwa. Akikataa kutoka, mwenyekiti aahirishe ajenda hiyo na sababu iingie katika muhtasari.